Barua ya Wazi kwa Kamati ya Mashindano ya Picha za Viatu na Mabuti, Tanga

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Maandalizi,
Mashindano ya picha za viatu na mabuti kwa wapiga picha wa ridhaa,
Tanga.

YAH: PICHA ZETU MLIZOZIKATA, MKAZIPA MANENO YENU, MKAZIUZA

Ndugu Mwenyekiti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia hadharani kwa sababu njia ya faragha imegonga mwamba. Nilimtumia katibu wako ujumbe, nikampigia simu, hatimaye nikaleta barua kwa mkono na ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu lilikuwa "tutakujulisha". Wenzangu walioshiriki wamepewa neno hilohilo. Wakati sisi tunasubiri kujulishwa, kalenda yenye picha zetu imeshaanza kuuzwa mjini. Basi na tuzungumze mbele za watu.

Kwanza niseme yaliyo mema. Wazo la mashindano haya lilikuwa zuri, na aliyelibuni apewe sifa yake. Sisi wapiga picha wa Tanga tumezoea kuelekeza kamera kulekule: bahari ya Raskazone, mapango ya Amboni, majengo ya Wajerumani. Nyinyi mkasema teremsheni kamera chini, tuone watu wamevaa nini miguuni. Ghafla mji ukawa mpya. Tukaona makubazi ya Ijumaa yaliyopangwa mlangoni mwa msikiti, yeboyebo za wavuvi wa Deep Sea zikiwa na magamba ya samaki kwenye vitundu, buti za pua ya chuma za vibarua wa bandarini, katambuga za wachunga ng'ombe, na viatu vya mitumba pale Tangamano vilivyofungwa pea kwa pea kwa kamba zao wenyewe. Mshiriki mmoja aliwapiga mashangazi wa bibi harusi wakitoka ukumbini usiku wa manane, skuna mkononi, miguu peku. Picha hiyo ningeinunua.

Wala kiatu si somo la mzaha. Mwaka 1936 kule Alabama, Marekani, Walker Evans alipiga picha ya buti za kazi za mkulima aitwaye Floyd Burroughs, zikiwa chini kwenye udongo bila mtu ndani yake, na hadi leo watu wanaitazama. Elliott Erwitt naye, New York mwaka 1974, alishusha kamera mpaka usawa wa kijibwa: kijibwa kimevaa kofia, pembeni yake buti za mwanamke, na pembeni ya hizo miguu ya mbwa mkubwa ambaye mwili wake haumo kabisa kwenye picha. Nayataja haya ili mjue kwamba tulioleta picha zetu tulijua tunachofanya.

Jambo jingine nilimalize mapema. Picha yangu haikupata nafasi yoyote, na sidai ipewe. Ninayodai ni haya yafuatayo.

1. Picha za simu.

Tangazo lenu la kwanza lilisema "simu au kamera, chochote ulicho nacho". Siku ya mchujo, picha nyingi za simu zikatupwa kapuni kwa sababu moja: ubora hafifu, hazifai kuchapwa. Lakini, Ndugu Mwenyekiti, ni nyinyi mlioagiza picha hizo zitumwe kwa WhatsApp! Yeyote anayeshughulika na picha anajua kuwa WhatsApp huibana picha inayotumwa kwa njia ya kawaida. Picha iliyotoka na pikseli 4000 upande mrefu huweza kufika na 1600 hivi. Mkiichapa kwenye karatasi ya A3, yenye urefu wa sentimita 42, mnabaki na pikseli zisizofika 100 kwa inchi, na hapo lazima ionekane ina ukungu. Picha hiyohiyo ikitoka kwenye simu ya megapikseli 12 bila kubanwa ingekuwa na karibu 240 kwa inchi, na ikitundikwa ukutani hakuna mtazamaji angeitilia shaka.

Dawa ilikuwa mstari mmoja kwenye tangazo: tuma kama hati, usitume kama picha. Badala yake, wenye kamera kubwa walipewa anwani ya barua pepe pembeni, wenye simu wakaachwa na WhatsApp. Kijana mmoja wa Makorora alipiga raba za mdogo wake zikianikwa juu ya bati, ndimi zimetolewa nje, maji yanachuruzika kwenye kamba. Mimi naiona ilikuwa bora kuliko yangu. Aliambiwa akanunue simu nyingine.

Mtasema katibu hakujua. Nakubali inawezekana. Lakini tulimweleza kabla majaji hawajakaa, tukaomba watu watume upya, akasema muda umekwisha. Muda huohuo ukapatikana wa kumsubiri mdhamini alete bango lake.

2. Nani ni mpiga picha wa ridhaa.

Mshindi wa kundi la viatu vya sherehe ana studio yenye kibao barabarani na anapiga harusi kila mwisho wa wiki. Sina ugomvi naye. Picha yake ni safi, mwanga umepangwa na mtu anayejua anachokifanya, ndiyo kazi yake. Swali langu liko kwenu: aliingiaje? Mnasema hakuna aliyeweka pingamizi. Tungeweka vipi, ikiwa orodha ya washiriki ilisomwa mara ya kwanza siku ya kugawa zawadi? Kipimo ni chepesi: anayepata riziki yake kwa kupiga picha apangiwe kundi lake, na wanaopiga kwa mapenzi wapambane wao kwa wao.

3. Buti la mkata mkonge.

Hapa nitakaa kidogo, uniwie radhi.

Nilileta picha ya mabuti ya mpira ya mzee mmoja anayekata mkonge katika shamba lililoko upande wa Muheza. Buti moja limesimama, jingine limelala, panga lake la kazi limeegemea lile lililosimama, na nyuma mistari ya mkonge inakwenda mpaka inapotea. Ukiitazama kwa karibu utaona viraka vya tyubu ya baiskeli, vimekatwa duara na kubandikwa kwa gundi ya kuzibia pancha. Kila penye kiraka ndipo ncha ya jani iliingia, kwani jani la mkonge linaishia kwa mwiba mgumu, na mpira wa buti kwake si kitu. Shingo ya buti mzee ameipunguza kwa kisu kwa sababu ilikuwa inamchubua shavu la mguu, na kipande alichokikata hakukitupa: amekishonea kisigino kwa uzi wa mkonge. Kwangu mimi kisigino kile ndicho kilikuwa picha yenyewe. Mengine yote niliyapanga ili jicho lifike pale.

Nilipomwamkia na kumwomba ruhusa, mzee alifikiri kidogo, akasema: "Piga buti, na panga lionekane, maana buti bila panga watadhani la mchimba mitaro. Uso wangu hapana." Tukakubaliana hivyo. Na mzee alikuwa na hoja. Mkonge umekatwa mkoani hapa tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa imefika hai kutoka Florida, na mpaka leo, pamoja na mashine zote za kusindika kule kiwandani, jani linaondolewa shambani kwa mkono wenye panga.

Nilipoingia kwenye maonyesho sikuitambua picha yangu. Mmeikata ikawa mraba ili chini yake ikae nembo ya mdhamini. Panga halipo. Lile buti lililolala, lenye kisigino cha kushonewa, limebaki nusu. Na juu ya nembo mmeandika kwa herufi kubwa maneno ambayo mimi sikuyaandika wala mzee hakuyasema: "Umaskini hauna huruma".

Ndugu Mwenyekiti, nani kawaambia mzee yule ni maskini? Buti jipya analo, linaning'inia kwenye msumari nyumbani kwake, nimeliona kwa macho yangu. Analovaa ni lile la viraka kwa sababu limeshauzoea mguu wake, na jipya linamtoa malengelenge. Amesomesha watoto kwa kazi ile. Mjukuu wake anasoma hapa mjini, na shule yao ililetwa kuangalia maonyesho. Akasimama na wanafunzi wenzake mbele ya buti la babu yake, analolijua kiraka kwa kiraka, akasoma mlichoandika. Mzee alinipigia jioni ile. Hakufoka. Aliuliza tu kama maneno yale niliyaandika mimi.

Utetezi wenu nimeusikia kwa mdomo wa katibu: ukuta ulidai picha za mraba, na maelezo yalihitajika ili watazamaji waelewe. Kukata picha peke yake si kosa. Ile picha mashuhuri ya Henri Cartier-Bresson ya mwaka 1932, ya mtu anayeruka dimbwi nyuma ya kituo cha treni cha Saint-Lazare, Paris, nayo ilikatwa pembeni. Lakini mpigaji ndiye aliyetaka ikatwe, kwa kuwa uzio ulikuwa umeingilia upande mmoja. Mngenipigia simu mkaniambia mnataka mraba, ningewachagulia sehemu ya kukata, au ningewapa picha nyingine, au ningeitoa. Namba yangu mnayo. Mdhamini wenu pia anayo, na hilo nalifikia sasa hivi.

4. Kalenda, bango na namba zetu za simu.

Fomu tuliyojaza ilisema picha "zitatumika kutangaza mashindano". Hatukulipinga hilo. Lakini kalenda inayouzwa madukani ni biashara, na bango lililopandishwa mbele ya duka la viatu, lenye picha ya makubazi iliyopigwa na dada mmoja wa Chumbageni, halitangazi mashindano yoyote. Linatangaza duka. Jina la dada yule halipo kwenye bango, na kwenye kalenda hakuna jina la mpiga picha hata mmoja. Aliyechapa kalenda jina lake lipo, pamoja na namba ya simu.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua picha kuwa kazi yenye mwenyewe. Inampa mpigaji haki ya kutajwa kuwa kazi ni yake na haki ya kupinga isipotoshwe, mbali na haki ya kipato. Msituambie "mlisaini". Tulisaini kile kilichoandikwa, na neno kalenda halimo.

Kuhusu namba za simu: tangu nijaze fomu yenu napokea ujumbe wa punguzo la bei ya viatu vya kike, karibu kila Ijumaa. Wenzangu nao wanaupokea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haimruhusu mtu kuchukua namba yangu kwa shughuli moja akaipeleka kwenye nyingine bila kuniuliza. Mwambieni mdhamini azifute.

5. Picha ambayo kamera haikuiona.

Hili naliandika kwa tahadhari, na simtuhumu mtu. Katika picha tatu zilizopewa zawadi kubwa ipo moja ya makubazi juu ya mchanga. Inavutia, na mimi mwenyewe niliisimamia muda mrefu. Kadiri nilivyoitazama ndivyo nilivyoshindwa kuelewa gidamu zake. Ya kushoto inatoka kando ya kidole gumba, inavuka juu, kisha inazama kwenye soli mahali pasipo na tundu. Ya kulia haina pa kuanzia. Nilimwonyesha fundi viatu mmoja wa Ngamiani, anayeshona makubazi tangu mimi sijazaliwa. Alicheka, akasema kiatu hicho ukikivaa kitakuacha hatua ya kwanza.

Huenda ipo sababu. Huenda ni kioo, huenda ni picha mbili zilizopandana. Njia ya kujua ipo na haina gharama: mwombeni mshindi faili asilia kama lilivyotoka kwenye kamera. World Press Photo, mashindano ya kimataifa ya picha za habari, huwadai wote wanaofika hatua za mwisho walete mafaili yao, na hakuna anayeona ametukanwa. Mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen alikataa tuzo ya Sony World Photography Awards, akaeleza mwenyewe kuwa picha yake ilitengenezwa kwa akili mnemba na kwamba alitaka kuona kama waandaaji wako tayari kwa jambo hilo. Ikiwa wale waliteleza, nasi tunaweza kuteleza. Tulipouliza, tuliambiwa uamuzi wa majaji ni wa mwisho. Majaji walipewa karatasi zilizochapwa. Faili hawakuliona, kwa hiyo jambo hili hawajawahi kuliamua.

6. Zawadi.

Washindi wa tatu waliahidiwa stendi ya kamera. Wamepewa kuponi ya kununulia viatu. Sina la kuongeza.

Najua yatakayosemwa baada ya barua hii. Kwamba tunawafukuza wadhamini na mwakani hakutakuwa na mashindano. Kwamba ni viatu tu, watu wazima wanagombania nini. Kuhusu wadhamini, nimewahi kuzungumza na mmoja wao, na nilichokielewa ni kwamba aliambiwa picha zote zimenunuliwa. Aliyemwambia hivyo ndiye aliyemtia hatarini. Na kama ni viatu tu, basi itakuwa rahisi kwenu kutoa picha zetu kwenye kalenda.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo. Picha ya mabuti ya mkata mkonge iondolewe leo, ile mliyoikata, pamoja na maneno yake, popote ilipo, na kamati imwombe radhi mzee kwa kwenda kwake, siyo kwa ujumbe wa simu. Nitawapeleka mimi, na nauli ya kwenda Muheza nitajilipia. Kalenda isimame kuuzwa mpaka kila mwenye picha aulizwe. Anayekubali atajwe jina na alipwe, anayekataa picha yake itolewe. Bango la duka lishushwe, au wakubaliane na mwenye picha kwa maandishi. Faili asilia la ile picha ya makubazi liombwe, na matokeo yatangazwe palepale mlipotangaza washindi, hata kama matokeo hayo yatanifanya nionekane mbishi. Picha za simu zilizotupwa zipokelewe upya bila kubanwa na zitazamwe na majaji walewale, sina shaka nao. Stendi zitolewe kwa walioahidiwa.

Kwa mashindano yajayo, kanuni ziandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka kwenye ukurasa mmoja: nani anaruhusiwa, picha itumweje, itatumika wapi na kwa muda gani, nani ana ruhusa ya kuikata, na maelezo ya picha yaandikwe na aliyeipiga. Rasimu ninayo tayari. Wenzangu wameipitia, tumeiambatisha na barua tuliyoleta ofisini kwenu, ile yenye muhuri.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Zikipita hizo bila jibu, wenye picha zilizomo kwenye kalenda tumekubaliana kupeleka shauri letu COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, kwa pamoja, tukiwa na kalenda yenyewe, fomu na risiti za ada ya ushiriki.

Wako katika shughuli za picha,

Mshiriki, kundi la viatu vya kazi,
Ngamiani, Tanga.

(Jina langu kamili na namba ya ushiriki viko kwenye barua mliyoipokea.)

Nakala:
Washiriki wote.
Mdhamini wa mashindano.
Mzee, kwa mkono wa mjukuu wake.